Mawe ya Mhindi wa Zamani

Mimi ni Labhu, mke wa Mahendra. Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, nyuma ya duka la vitambaa la baba yangu, na Kiswahili nilikijua kabla sijajua kujifunga sari. Haya nayasema kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kigujarati nyumbani kwetu hayasemwi. Mume wangu aliyapiga marufuku miaka mingi iliyopita. Haya, Kigujarati amekifunga. Kiswahili hakukifunga, alikiacha tu uwanja wa ndege wa Nairobi siku tulipoondoka, na tangu siku hiyo mpaka wiki iliyopita sikumsikia akikisema hata neno moja. Mimi nilikibeba.

Wasomi wanapenda kuzungumzia siri ya mawe ya jangwani. Kule kaskazini mwa Kenya, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kuna mawe yaliyopangwa duara, moja huku, jingine kule, na hakuna ajuaye nani aliyapanga wala lini. Hayo mengine mimi pia siyajui. Lakini duara moja, lile kubwa kuliko yote, karibu na kisima cha El Dima, alilipanga mume wangu kwa mikono yake. Ndani yake alilala binti yetu. Jina lake Ila.

Nilipojifungua kwa mama yangu Mombasa, majirani walikuja kumwona mtoto, wakashika vinywa. Mtoto mzuri hivi mnamwita Ila? Kwa Kiswahili ila ni kasoro, na tena ni lile neno la mtu asiyetaka kutimiza jambo: ningekuja, ila nina wageni. Nikawaambia kwetu maana yake ni ardhi. Wakasema basi sawa, lakini nikitaka kumwita uwanjani watu watadhani sijamaliza sentensi. Tulicheka sana siku ile.

El Dima palikuwa na kisima, duka letu, na upepo. Mahendra aliuza sukari, majani ya chai, tumbaku na shuka, na kwa kuwa Mhindi alikuwa peke yake hakuna aliyehangaika kumjua jina. Ukisema naenda kwa Mhindi, umeeleweka. Ila alipata homa kabla hajatimiza mwaka. Lori la kutufikisha hospitali lilikuwa halijaja, na lilipokuja halikuwa na kazi tena.

Sisi Mabaniani mtu mzima tunamchoma, lakini mtoto mchanga hachomwi, anazikwa. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Sasa umzike wapi, na ardhi ile ni ngumu na fisi ndio wenye nchi? Guyo, Mgabra aliyekuwa akituletea maziwa, akatupeleka kwenye yale maduara ya kale, akatuonyesha. Akasema waliofanya hivi walikuwa na sababu, na ndani ya haya fisi hajawahi kufukua. Basi Mahendra akabeba mawe kutwa nzima. Hakukubali asaidiwe. Viganja vyake vilichubuka mpaka damu ikabaki juu ya mawe, na akaacha nafasi upande wa mashariki ili mtoto alione jua likichomoza. Siku ile nilimpenda mume wangu kuliko siku nyingine yoyote. Nalisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa linaniudhi mpaka leo.

Mimi nilimwekea vitu viwili. Kikombe chake cha bati cha rangi ya buluu, chenye maziwa, nikamwekea ubavuni. Na kichwani, juu ya udongo, nikasimamisha jiwe langu la kusagia bizari. Jiwe lile jeusi mama mkwe alikuja nalo kutoka Gujarati, na pembe yake moja ilikuwa imemeguka, nililiangusha mimi nilipokuwa bibi harusi, akanisema wiki nzima. Nililiweka ili nipajue pale hata nikiwa kikongwe. Watu wa kule wakipita kaburini huongeza jiwe, ndiyo heshima yao. Walipita wengi, miaka mingi. Duara likakua. Mimi sikupata mtoto mwingine.

Halafu mambo ya leseni. Kenya ikasema asiye raia asifanye biashara, na sisi tulikuwa na pasipoti za Waingereza, na Waingereza nao wakaanza kusema watafunga mlango. Mwanzoni mwa sitini na nane tukakimbia kama watu wanaokimbilia basi. Niliomba twende El Dima kwanza nikamwage maziwa kaburini. Mahendra akasema hakuna nafasi. Nafasi ya kuuza friji ilikuwapo.

London tukapanga Walthamstow, vyumba viwili juu ya duka la mazulia. Mahendra akapata kazi Stratford, kwenye ghala, kusukuma maboksi. Kule El Dima walimwita Mhindi na ilikuwa ni cheo. Huku wanatuita jina la nchi ambayo hatujawahi kuikanyaga, na wanalitamka pamoja na mate. Akawa mtu wa kurudi, kula, na kuangalia ukuta. Mimi nilishona zipu nyumbani, na rafiki yangu akawa Mardhiya wa nyumba ya pili, Mzanzibari aliyekuja baada ya mapinduzi na aliyekuwa akifua mashuka hospitalini. Mardhiya ndiye niliyemsimulia habari za Ila. Kwa Kiswahili, juu ya chai, mara nyingi. Yeye alisikiliza kila mara kama ndiyo mara ya kwanza, na kama kuna pepo, atatangulia.

Wahindi wa Uganda walipofukuzwa mwaka wa sabini na mbili, akaja Alnashir. Huyu alikuwa Muismailia, mwalimu mkuu Kampala. Askari walimvua saa na pete njiani, akafika huku na koti la kupewa, na kilichomuuma si pete. Kilichomuuma ni kuambiwa rudini kwenu. Kwetu wapi, alikuwa akiuliza kila mtu, babu yangu amezikwa Jinja. Akaanzisha chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, na siku moja maktabani akakutana na Profesa mmoja wa mambo ya kale, Mwingereza, mpole, mrefu. Profesa akamwambia amegundua kitu jangwani. Alnashir alikuja kwetu siku hiyo hiyo amejaa furaha. Mahendrabhai, akasema, maana kwetu kaka ni bhai na dada ni ben, wewe si ulikaa kule? Jumapili njoo ukae mbele.

Tukaenda. Ukumbi wa kanisa nyuma ya soko, watu wamejaa na makoti yao, sambusa mezani, taa zikazimwa. Profesa akaanza kuonyesha slaidi. Mchanga, ngamia, mchanga. Kizungu chake sikukielewa, ila Alnashir alikuwa akitugeuzia Kigujarati sisi wanawake. Halafu likatokea duara. Likatokea tena kwa karibu. Na katikati, jeusi, limesimama, jiwe langu, pembe yake imemeguka.

Alnashir akaendelea kutugeuzia, sauti imempanda. Kwamba jiwe lile limechunguzwa na si la Afrika, limetoka India. Kwamba Profesa aliwauliza wachungaji haya mawe ni ya nani, nao wakamjibu kwa Kiswahili. Hapo Profesa akayasema mwenyewe maneno yao, pole pole, kwa kujivunia: ya Mhindi wa zamani.

Unaona sasa. Mhindi wa zamani, yule aliyekuwako, kabla duka halijachukuliwa na mwingine. Wachungaji walimjibu kweli tupu. Yeye akasikia Mhindi wa kale na kale, akaandika miaka elfu mbili. Kwamba Wahindi walifika jangwa lile kabla ya Waarabu, kabla ya Wazungu, labda kabla ya hao wanaotuambia rudini kwenu. Ukumbi mzima ulilia. Wanaume waliopigwa mateke vizuizini barabara ya Entebbe walikuwa wanafuta macho. Na sasa, akasema Alnashir, kiangazi kijacho Profesa atachimba. Chama kitafanya harambee kumsaidia.

Nikamtazama Mahendra. Ameketi mbele, tai shingoni, uso unang'aa. Profesa akamgeukia akamuuliza jambo, naye akajibu kwa Kizungu, na Alnashir akatugeuzia: Mahendrabhai anasema alipofika El Dima mawe yalikuwapo, na wazee walimwambia yapo tangu enzi.

Nilisimama. Nilitaka kusema kwa Kigujarati lakini habari ile sikuwahi kuisema kwa Kigujarati, haikuwa na njia ya kupita. Ikatoka kwa lugha iliyoizoea.

"Lile jiwe ni langu," nilisema.

Alnashir alifurahi kuonyesha kuwa anakijua Kiswahili. Kiswahili cha Kampala, cha kumwambia mpishi alete chai. Akamgeuzia Profesa kwa Kizungu, halafu sisi kwa Kigujarati: Labhuben anasema lile jiwe ni letu. Makofi.

"Ila amelala mle," nikasema. "Ila yumo mle ndani."

Akafikiri kidogo, akageuza: anasema lakini tumelala, lakini historia yetu bado imo mle ndani. Watu wakasimama. Wakapiga makofi mpaka vikombe vikatikisika, bibi mmoja wa Masaka akanikumbatia. Mahendra alikuwa ameshafika, amenishika kiwiko kwa nguvu, ananitoa nje huku anatabasamu kushoto na kulia.

Nilipomsimulia Mardhiya alicheka, akajizuia, akalia. Akasema, "Shoga, hata kama ningelikuwapo, kwa makofi yale nani angenisikia?"

Nyumbani nilimuuliza Mahendra kwa nini. Alinijibu akiwa amevua tai ameikunja vizuri. Alisema huku yeye ni mtu wa maboksi, na kule bado wanamtaja. Mawe yanaitwa kwa jina lake. Leo watu wamesimama kumpisha, tangu lini watu wamesimama kumpisha? Nikamwambia watamfukua mtoto. Akasema miaka ishirini, hawatakuta kitu. Nikamwambia watakuta kikombe. Nikamwambia amtaje mwanawe, mara moja tu, mbele yangu, na mimi nitanyamaza. Akaenda kulala.

Kesho yake nilimfuata Alnashir, na safari hii nilijilazimisha, nikasema kwa Kigujarati, neno moja moja. Alinisikiliza kwa adabu ya mwalimu. Halafu akasema Mahendrabhai ameshapita asubuhi akamwonya kuwa nitakuja. Akaniambia pole kwa msiba wa Nairobi. Msiba gani wa Nairobi? Lakini Alnashir hakuwa mtu mbaya. Neno langu lilimwingia likamkera, na Jumapili akamleta Profesa nyumbani kwetu ili aulize mwenyewe, mbele yangu. Mimi nikamwita Mardhiya awe masikio yangu.

Profesa alikaa kwenye ukingo wa kochi, kikombe cha chai magotini. Aliuliza kwa upole mno. Mahendra akawa anaangalia ukuta, palepale anapoangalia kila siku, na akajibu. Mardhiya alikuwa akininong'oneza sikioni, na katikati akanigeukia, ikabidi nimfinye mkono aendelee.

"Anasema, ni kweli mlifiwa na mtoto. Lakini Nairobi, hospitali. Anasema mlimchoma. Anasema tangu hapo akili yako haijatulia, na wewe El Dima ulikuwa huendi hata kutembea."

Mlimchoma. Uongo huo ungeweza kuusema mbele ya Mwingereza na Muismailia tu, ambao kwao wote huzikwa na hawajui za kwetu. Baniani yeyote angekuwa chumbani mle, hata mtoto wa shule, angeshtuka. Mahendra alijua ni nani waliomo chumbani. Alihesabu vizuri, alikuwa mfanyabiashara.

Nikamwambia Profesa, kupitia kwa Mardhiya, akichimba atakuta kikombe cha bati cha buluu, na jiwe lile lilimeguka mkononi mwangu. Mardhiya aliyasema yote, na ya kwake akaongeza. Profesa akanitazama kwa huruma ile wanayomtazamia mgonjwa. Akasema atachimba kwa heshima kubwa. Akashukuru kwa chai.

Harambee ikafanywa. Neno lenyewe la kule tulikokimbizwa, na sisi tunalipigia makofi kwenye ukumbi wa kanisa. Wakachangia hata waliofika na suruali moja. Mahendra alikuwa meza kuu. Kiangazi kikaja, wakaenda, na mimi nilishona zipu, siku nyingine nikazishona kichwa chini.

Profesa alirudi vuli. Alikuja peke yake, hakumpitia Alnashir, amebeba boksi. Mardhiya hakuwapo lakini sikumhitaji. Alilifungua boksi mezani. Juu kulikuwa na kikombe, buluu yake imebaki upande mmoja, na chini yake muhuri wa kiwanda unasomeka. Chini ya kikombe, limefungwa kwa gazeti, jiwe langu. Aliongea na Mahendra kwa muda mrefu, na Mahendra alikuwa anakuwa mdogo. Mawe yale yalikuwa hayana faida tena kwa Profesa, maana yalikuwa ya juzi, ya watu waliopo. Mifupa waliirudisha ardhini walipoikuta, na udongo juu. Lakini mawe waliyaondoa moja moja kwa kuyachora namba, yakawekwa kando, na kwa kuwa duara halikuwa la kale hakukuwa na sababu ya kulijenga upya. Hayo niliyapata baadaye. Wakati ule nilielewa kitu kimoja tu, kwa sababu Profesa alichora hewani kwa mikono duara, kisha akaifungua mikono, na Mahendra akafumba macho.

Amelala kule bila mawe. Fisi wapo. Sitaki kulizungumza zaidi ya hapo.

Profesa alitoa mkono nikamtazama mkono mpaka akaurudisha. Watu wa chama waliacha kumsalimu Mahendra. Walimwona tapeli, na sikuwalaumu. Alnashir alikuja siku ya mvua akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Alisema, "Labhuben, nilitaka sana iwe kweli." Nikampa chai pale pale mlangoni. Nilimchukia, lakini kidogo. Yeye alikuwa anatafuta pa kusema hapa ni kwetu, na alilolipata ni kaburi la mwanangu.

Wanaoulizana siri ya mawe yale, siri gani? Mtu alifiwa, akabeba mawe. Na yale maduara mengine, ya hao wa miaka elfu mbili, nao walikuwa na mama zao, na mimi nashukuru hawapo wa kuonyeshwa slaidi.

Kikombe nilikiweka kwenye kabati langu la mungu, pale ninaposalia. Jiwe nikaliosha, nikaliweka mezani, mahali pa sahani ya Mahendra. Alipokuja kula nikamwambia akimtaja mwanawe kwa jina lake, nitaliondoa. Akalitazama, akavuta sahani pembeni, akala. Kesho yake vivyo hivyo. Tumeshamaliza baridi mbili hivyo. Wageni hawaji siku hizi, kwa hiyo hakuna wa kuuliza.

Wiki iliyopita nilipika kunde na chapati. Akala, akanawa mikono, hakuondoka. Kisha, bila kunitazama, akanena kwa Kiswahili, kile cha dukani, kimeshika kutu:

"Chakula kizuri, ila chumvi imezidi."

Akalitazama jiwe. Akanitazama mimi. Akangoja, mikono ameiweka magotini. Nikaenda jikoni, nikaonja kunde. Chumvi ilikuwa sawasawa. Nilikaa kule jikoni kitambo, na niliporudi alikuwa bado anangoja.

"Hilo ni neno tu, Mahendra," nikamwambia. "Si mtoto."

Nikaondoa sahani. Jiwe nikaliacha pale pale.